Mtaa wa Fedha na uchunguzi wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni nchini Kenya

Fedha ni mtaa wa makazi katika eneo la Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Umepakana na Tassia, na hauko mbali na Nyayo Estate wala na barabara ya Outer Ring. Wengi wa wakazi wake ni watu wa mshahara na wa biashara, wanaoishi katika nyumba za mawe zenye lango na mlinzi au katika fleti za kupanga. Ukivuka Outer Ring unafika Pipeline, penye majengo ya kupangisha yaliyosongamana ghorofa juu ya ghorofa, na mbele kidogo Mukuru kwa Njenga, mojawapo ya mitaa mikubwa ya mabanda jijini. Katika umbali wa kutembea kwa miguu, karibu kila suala ambalo Kenya imehojiwa juu yake na vyombo vya kimataifa vya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni linaonekana kwa macho: ubomoaji, maji ya kununua kwa mtungi, shule za kulipia zilizojaza pengo la shule za umma, majengo yanayoporomoka, na kodi ya nyumba inayokatwa kwenye mshahara. Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi huo unavyofanyika, umesema nini, na umebadilisha nini katika upande huu wa jiji.

Wajibu na chombo chake

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1966. Kenya ilijiunga nao tarehe 1 Mei 1972, kabla haujaanza kutumika, jambo lililotokea tarehe 3 Januari 1976. Kenya iliweka sharti moja tu, kuhusu kifungu cha 10(2) kinachohusu likizo ya uzazi yenye malipo, kwa hoja kwamba hali ya nchi wakati huo haikuruhusu kuwabebesha waajiri wajibu huo kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 imekwisha kumpa mama mwajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Sharti limepitwa na sheria ya nchi yenyewe, na wachunguzi wamekuwa wakiitaka Kenya iliondoe.

Mkataba hauidai serikali kutimiza kila kitu kwa siku moja. Kifungu cha 2(1) kinaitaka ipige hatua kwa kutumia rasilimali zake zote zilizopo hadi haki hizo zitimie. Lakini kuna mambo yasiyongoja bajeti. Kumtoa mtu nyumbani kwake kwa nguvu bila ilani, bila kusikilizwa na bila mahali pa kwenda hakuhitaji pesa kukomeshwa. Kunahitaji aliyetoa amri asiitoe. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa historia nzima inayofuata, kwa sababu serikali zimezoea kujibu maswali ya aina ya pili kwa visingizio vya aina ya kwanza.

Msimamizi wa Mkataba ni Kamati ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, yenye wataalamu 18, iliyoundwa mwaka 1985 na inayokutana Geneva. Nchi hupeleka ripoti, Kamati hutuma orodha ya maswali, kisha ujumbe wa serikali huhojiwa hadharani. Mashirika ya kiraia hupeleka ripoti kivuli, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya hupeleka yake. Mwishoni Kamati hutoa mapendekezo yaliyoandikwa. Haina askari, faini wala jela. Nguvu yake ni rekodi: swali lililoulizwa leo litaulizwa tena, na jibu la kwanza litakuwa mezani.

Vilevile Kamati hutoa maelezo ya jumla yanayofafanua Mkataba, na mawili kati yake yanagusa Embakasi moja kwa moja. La namba 4, la mwaka 1991, linasema kuwa nyumba inayostahili ni ile yenye usalama wa umiliki au upangaji, huduma, gharama inayohimilika, na kuta zisizohatarisha maisha. La namba 7, la mwaka 1997, linaeleza masharti ya lazima kabla ya kumhamisha mtu yeyote: mashauriano ya kweli na walioathirika, ilani ya kutosha, maofisa kuwepo na kutambulika, ubomoaji usifanywe usiku wala wakati wa hali mbaya ya hewa, na asiachwe mtu bila makao.

Miaka ya ukimya

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya kujiunga, Kenya haikufika mbele ya Kamati ikiwa na ripoti inayostahili. Mwaka 1993 Kamati iliamua kuitathmini bila ripoti, hatua ambayo huchukuliwa nchi inapokaa kimya mno. Hiyo ilikuwa Nairobi ya baada ya Muoroto, kijiji cha mabanda karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, kilichobomolewa Mei 1990 kwa fujo zilizoutikisa mji. Wakazi wa mabanda hawakuwa na katiba ya kuwalindia makao yao. Walichokuwa nacho ni umoja wao, na mwaka 1996 wakaunda Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mabanda ambalo hadi leo ni miongoni mwa sauti zinazosikika zaidi Mukuru.

Februari 2004 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya nyumba, Miloon Kothari, alizuru Kenya, wakati serikali ikipanga kubomoa majengo yaliyo kwenye hifadhi za barabara na za reli. Kisha, Novemba 2008, Kenya ikahojiwa kwa kina mjini Geneva. Mapendekezo ya mwaka huo yanastahili kusomwa hata sasa kwa jinsi yalivyo mahususi. Kamati iliishauri Kenya ifikirie kuweka katika katiba mpya iliyokuwa ikitayarishwa kipengele kitakachofanya uhamishaji kuwa hatua ya mwisho kabisa, na itunge sheria au mwongozo wa kueleza bayana ni lini na kwa ulinzi gani mtu anaweza kuhamishwa. Kuhusu maji, iliitaka serikali irahisishe upatikanaji wake katika makazi yasiyo rasmi, ipunguze muda wa kupanga foleni, na idhibiti bei zinazotozwa na wauzaji binafsi na vioski.

Katiba na mahakama

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha uwanja. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu, makao yanayofaa, chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Kifungu cha 2(6) kinaufanya mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria za nchi. Maneno ya Geneva yakapata mlango wa kuingilia mahakamani, na miongoni mwa waliobisha mapema mlango huo walikuwa watu wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi.

Muthurwa ni mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa shirika la reli, uliokuwa mmiliki wa ardhi, uliwapa wapangaji notisi ya kuhama na kuanza kubomoa. Wapangaji walikwenda Mahakama Kuu. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kuwa haki zao zilikiukwa. Alilitumia lile elezo la namba 7 kama kipimo, na akaisukuma serikali kuhusu sheria ya uhamishaji ambayo nchi haikuwa nayo. Karatasi iliyoandikwa Uswisi mwaka 1997 ilikuwa imesimama upande wa wapangaji hatua chache kutoka soko la Muthurwa.

Kesi iliyofika juu zaidi ilitoka kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Zaidi ya kaya 3,000 zilibomolewa makao tarehe 19 Novemba 2011 ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kusitisha. Mahakama Kuu iliwapa wakazi haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtu asiye na ardhi anayeishi kwenye ardhi ya umma hapati hatimiliki, ila anapata haki ya makao inayopaswa kulindwa. Ilisema pia kuwa miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhamishaji, ingawa haifungi kama sheria, inafaa kutumika kuifafanua Katiba, na kwamba mahakama inaweza kuendelea kusimamia utekelezaji wa amri zake baada ya hukumu. Ni hukumu kubwa. Kwa watu wa Mitumba ilikuja miaka 9 baada ya mabati yao kukunjwa.

Katikati ya safari hiyo Bunge nalo lilitunga sheria. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanadai ilani ya miezi mitatu kabla ya kumhamisha mtu anayekaa kwenye ardhi bila idhini, na yanaeleza namna kazi hiyo inavyopaswa kufanywa: maofisa wajitambulishe, wawe na idhini rasmi, heshima na uhai wa watu vilindwe, wapewe nafasi ya kuokoa mali zao. Kwa hiyo lile ombi la 2008 lilitimizwa kwenye vitabu, ingawa kwa kuchelewa.

Mukuru kwa Njenga, 2021

Oktoba na Novemba 2021, miezi michache baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu na miaka mitano baada ya sheria, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga chini ya ulinzi wa polisi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupanua barabara ya Catherine Ndereba, wakati ujenzi wa barabara ya juu ya Expressway ulipokuwa umeisonga barabara ya Mombasa. Amnesty International ilisema watu zaidi ya 40,000 waliachwa bila makao. Wakazi walilalamika kwamba muda waliopewa ulikuwa mfupi na kwamba eneo lililobomolewa lilizidi kwa mbali upana wa barabara yoyote. Familia nyingi zilibaki papo hapo kwa miezi, zikilala chini ya hema na karatasi za nailoni juu ya kifusi, kwa kuhofia kwamba wakiondoka ardhi itachukuliwa.

Katika historia nzima ya uchunguzi huu, hili ndilo tukio linaloonyesha waziwazi palipo tatizo. Mwaka 1993 ingewezekana kusema kuwa serikali haikujua wajibu wake. Mwaka 2008 ingewezekana kusema kuwa hakukuwa na sheria. Mwaka 2021 vyote vilikuwepo: Mkataba, Katiba, sheria ya Bunge na hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini. Eneo lenyewe la Mukuru lilikuwa limetangazwa na kaunti ya Nairobi, Agosti 2017, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi walikuwa wameketi na wataalamu kwa miaka kupanga barabara, maji, shule na zahanati zao kwenye ramani. Kilichokosekana ni ofisa wa kusema hapana. Na uchungu wake ni huo hasa, kwamba waliobomolewa ni watu waliofanya kila walichoambiwa raia mwema afanye: walijiandikisha, walihudhuria mikutano, walichora mpango.

Mwaka 2024 mambo hayo yakatokea tena, safari hii baada ya mafuriko ya Aprili na Mei. Serikali iliamuru wakazi wa kandokando ya mito ya Nairobi waondoke ndani ya ukanda wa mita 30, ikabomoa Mathare na Mukuru, na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya. Hatari ya mto ilikuwa ya kweli, kwa maana watu walikuwa wamekufa maji. Lakini shilingi 10,000 hazimpi mtu makao jijini Nairobi, na kifungu cha 43 hakisimami mvua inaponyesha.

Ubomoaji haukuwagusa wenye mabanda peke yao. Jengo la maduka la Taj Mall, lililosimama kwenye njia ya kuingilia Fedha, lilibomolewa mwaka 2018 baada ya mvutano wa miaka kuhusu hifadhi ya barabara. Mwenye jengo alikuwa na mawakili na miaka ya kesi. Mwenye kibanda cha mboga kando ya barabara hupewa siku, pengine saa.

Ghorofa za Tassia

Nyumba ni kitu kingine zaidi ya kutobomolewa. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la makazi la ghorofa sita lilianguka Tassia, jirani kabisa na Fedha, na watu wasiopungua 10 wakafa. Miaka mitatu kabla, tarehe 29 Aprili 2016, jengo lilikuwa limeanguka Huruma na kuua karibu watu 50, wiki chache tu baada ya Kamati kuihoji Kenya kwa mara ya pili. Wapangaji wa majengo kama haya hawahesabiwi kuwa watu wa mabanda. Wanalipa kodi kila mwezi, wana namba ya mlango na mita ya stima. Takwimu za makazi yasiyo rasmi huwapita, ilhali kipimo cha elezo la namba 4, kwamba kuta zisihatarishe maisha, kinawahusu kama kinavyomhusu mtu wa mabati. Hili ni pengo katika uchunguzi wenyewe: macho ya Geneva yameizoea picha ya Kibera na Mukuru, na hayajamtazama vya kutosha mpangaji wa ghorofa ya sita Tassia au Pipeline, anayepanda ngazi za giza na mtungi wa maji begani.

Maji

Fedha hupata maji ya mfereji kwa mgao. Siku zisizo za zamu, mwenye uwezo hununua boza, mwenye jengo lenye kisima huuza kwa wapangaji, na asiye na vyote husubiri mkokoteni wa mitungi ya lita 20. Mukuru hununua mtungi kwa mtungi mwaka mzima, na kwa hesabu ya lita hulipa zaidi ya mtu wa mtaa wenye mfereji. Watafiti waliofanya kazi na wakazi katika mpango wa eneo maalumu walilithibitisha hilo, la maji na la umeme pia. Mwaka 2002 Kamati ilikuwa imetamka katika elezo la namba 15 kuwa maji ni haki inayotokana na vifungu vya 11 na 12 vya Mkataba. Mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu maji, Catarina de Albuquerque, alizuru Kenya mwaka 2014. Bei ya mtungi, hata hivyo, bado huamuliwa na ukame na mwenye mkokoteni kuliko na pendekezo lolote la 2008.

Shule

Masomo ya msingi bila malipo yalirudi Kenya Januari 2003, lakini shule za umma hazikujengwa kwa kasi ya watoto wa Mukuru. Pengo lilizibwa na shule ndogo za kulipia. Mwaka 2009 kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, kisha ikaenea nchini na nje ya mipaka, ikiwa na wawekezaji wakubwa wa kigeni, miongoni mwao IFC, tawi la Benki ya Dunia la kukopesha sekta binafsi.

Mwaka 2016 Kamati iliiambia Kenya kwamba udhaifu wa shule za umma ndio uliozaa wingi wa shule hizi za bei nafuu, na kwamba matokeo yake ni ubaguzi katika elimu. Kauli hiyo ilisikika mbali na Nairobi. Aprili 2018 shirika la East African Centre for Human Rights lilipeleka malalamiko ya wazazi na walimu kwa ofisi inayosimamia uwajibikaji wa IFC, kuhusu mazingira ya kazi, uwazi wa karo, afya na usalama. Machi 2022 IFC iliuza hisa zake na kuondoka. Mzazi wa Mukuru alikuwa amegundua njia nyingine ya uchunguzi: kumfuata anayetoa pesa. Hilo lina maana Fedha vilevile, kwa sababu Outer Ring yenyewe ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo nayo ina ofisi ya kupokea malalamiko ya walioathirika na miradi yake.

Kodi ya nyumba

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Nyumba za kwanza 1,080, kati ya 13,248 zilizopangwa katika mradi wa Mukuru, zilikabidhiwa Mei 2025. Kwa mara ya kwanza mlipa mshahara wa Fedha anaweza kuona kwenye hati yake ya mshahara sehemu ya zile rasilimali zinazotajwa na kifungu cha 2(1), na anayo haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Mwezi Februari 2025 Kenya ilihojiwa Geneva kwa ripoti yake ya sita, ikiwa imebeba deni zito na kumbukumbu ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa.

Njia ya Afrika

Vyombo vya bara vimekwenda mbali kuliko Geneva, kwa kuwa hutoa uamuzi juu ya kesi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, iliamua kesi ya Waendorois wa Ziwa Bogoria, iliyofunguliwa mwaka 2003, kwa kuwapa haki. Uamuzi ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliwapa haki Waogiek wa Mau tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru Kenya iwalipe fidia na kuwarudishia ardhi. Wanubi wa Kibera nao walishinda mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto mwaka 2011, na mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Waendorois na Waogiek wameendelea kudai utekelezaji.

Mtu binafsi wa Kenya hawezi kupeleka malalamiko yake kwa Kamati ya Geneva. Itifaki ya Hiari inayoruhusu jambo hilo ilipitishwa tarehe 10 Desemba 2008 na kuanza kutumika tarehe 5 Mei 2013, na Kenya haijajiunga nayo. Nchi ambayo imeziandika haki hizi katika Katiba yake haina sababu ya maana ya kuogopa kuulizwa kuzihusu na raia wake wenyewe, na Bunge linapaswa kuidai serikali iweke saini.